"Nimezoea kelele za mashine": maswali na majibu kuhusu kelele kazini

Nasaga unga kwa mashine ya dizeli tangu ujana. Mwanzoni kelele zilinikera, sasa hata sizihisi. Masikio si yameshazoea?

Hayajazoea. Kinachozoea ni akili, ikaacha kukereka. Sikio lenyewe halikomai kama kiganja cha mshika jembe. Ndani yake kuna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo, na kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe unaokwenda kwenye ubongo. Kelele kali huzichosha, zikiendelea huziua, na kwa binadamu seli hizo hazioti tena. Hakuna maumivu, hakuna damu. Ndiyo maana neno "nimezoea" linanitia hofu kuliko malalamiko: mara nyingi anayelisema ameshaanza kupoteza usikivu.

Lakini watu wakizungumza nawasikia.

Unawasikia, ila je, unawaelewa? Kelele za kazini huanza kuharibu uwezo wa kusikia sauti nyembamba, hasa karibu na hezi 4,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti). Irabu zinabaki, lakini s, f, sh na th zinapotea. Unajua mke wako amesema kitu, hujui kama ni "sita" au "fika". Sauti za watoto zinakutoroka, redio nyumbani inapandishwa, na unaanza kulaumu watu kwamba siku hizi wanaongea kwa kunong'ona.

Dalili ya mapema zaidi ni masikio kuvuma au kuhisi yameziba baada ya kazi, kisha asubuhi yakawa sawa. Wengi hufurahia kuwa yamepona. Hilo ni onyo.

Nitajuaje kelele zimezidi wakati sina kipimo?

Simama na mwenzako umbali wa mkono mmoja. Ukilazimika kupaza sauti ili akusikie, zimezidi.

Kwa tarakimu, kiwango kinachopendekezwa na wataalamu wengi ni desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 100 ni dakika 15 tu. Mashine ya kusaga mara nyingi hupita 90, na grenda inayokata chuma hukaribia 100 au kuzidi. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 zinaruhusu hadi desibeli 90 kwa saa 8, lakini zinamtaka mwajiri awe na mpango wa kudhibiti kelele zinapopita 85. Kwa maoni yangu, hiyo 85 ndiyo ya kushika.

Madhara ni ya masikio tu?

La. Mwili huchukua kelele kama hatari: mapigo ya moyo huongezeka, homoni za msongo hupanda. Kwa miaka mingi, hali hiyo inahusishwa na shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Usingizi huharibika. Kisha kuna ajali: asiyesikia mwenzake akipiga ukelele wa "zima!" anaweza kupoteza vidole.

Naweka pamba masikioni. Inatosha?

Pamba hupunguza kidogo mno. Muziki wa simu ni kuongeza kelele juu ya kelele. Tumia vizibo vya sifongo: nawa mikono, visokote viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, ingiza, kisha shikilia hadi vitanuke. Vikining'inia nje, havifanyi kazi.

Hata hivyo, tuanze na mashine yenyewe. Beringi zilizochakaa na bolti zilizolegea hupiga kelele bure. Badilisha ekzosi iliyotoboka, weka mpira mzito chini ya injini, ihamishie nyuma ya ukuta kama nafasi ipo, na mpokezane zamu. Tajiri atalalamikia gharama, lakini mashine iliyotunzwa pia hudumu zaidi.

Kuna dawa ya kurudisha usikivu?

Kwa uharibifu wa miaka, hakuna. Vifaa vya kusaidia kusikia hupunguza tu adha. Usitie mafuta ya kitunguu wala dawa za kubahatisha. Ila usikivu ukipotea ghafla, labda baada ya mlipuko, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na ukiandikiwa sindano za gentamaisini, dawa ya kuua bakteria, mweleze daktari kuwa unafanya kazi penye kelele, maana dawa hiyo nayo inaweza kudhuru sikio la ndani.

Mimi ni mwanamke, nina mimba na kazi yangu ni kwenye mashine. Vizibo vinanilinda mimi na mtoto?

Vinakulinda wewe. Sauti nzito hupita tumboni, na hakuna kizibo cha kumvalisha aliye ndani. Usiegemeze tumbo kwenye mashine, omba kazi ya mbali nayo, kama kupima au kufunga magunia madogo, na umwambie mkunga kliniki unafanya kazi gani.