Pesa hazijaliwa: senti moja ya Oklahoma City na vituo vyake

"Wameshakula hao." Mteja wangu wa juzi alisema hivyo kabla hata hajaketi, risiti ya duka mkononi, kidole kwenye kodi ya asilimia 8.625. Kituo cha vijana alichokipigia kura kiko wapi? Ni mtu wa ngapi mwaka huu, sikumbuki tena. Mimi ni mtunza hesabu hapa Oklahoma City, Marekani, na hili ndilo linalonichosha kuliko yote.

Namwelewa. Kwetu msingi ukichimbwa kisha mafundi wakapotea, unajua pesa zimepita njia nyingine. Lakini hapa jengo linachelewa kwa sababu jiji halikukopa. Tarehe 10 Desemba 2019 wapiga kura walipitisha MAPS 4, awamu ya nne ya mpango wa jiji wa kujenga miradi ya umma kwa kodi ya muda: senti moja kwa kila dola ya mauzo, kwa miaka minane kuanzia Aprili 2020. Makadirio yalikuwa dola milioni 978 kwa miradi 16, ikiwemo milioni 110 za vituo vya vijana na milioni 30 za kituo cha afya cha wazee. Hizo milioni 978 hazikuwahi kulala benki zote siku moja. Zinaingia kila mwezi, kadiri watu wanavyonunua tairi na sabuni, na jiji linajenga kwa taslimu iliyokwisha kuingia. Miradi inapangwa foleni, na wa mwisho husubiri hata baada ya kodi kukoma. Kodi ya MAPS ya kwanza ilikoma Julai 1999, ukumbi mkubwa wa michezo ukafunguliwa 2002. Ya MAPS 3 ilikoma Desemba 2017, na ukumbi wa mikutano ukaanza kazi 2021.

Faida yake ni kwamba hakuna riba ya kulipa. Hasara ipo pia: bei ya saruji na vyuma haikusubiri. Nikamuuliza yule bwana nyumba yake ya Kigoma imefika wapi. Mwaka wa sita, lenta. Nani amekula?

Wateja wangu wana madai mengine pia. "Senti hiyo naitoa mimi mwenye duka." Hapana. Anaitoa mnunuzi, wewe unaikusanya kwa niaba ya serikali, na tarehe 20 ya mwezi unaofuata unaiwasilisha. Fungua akaunti ya pili benki na uiweke huko kila jioni. Nimelisema hili mpaka sauti imekauka, na bado kuna wanaolipia pango kwa pesa ya kodi.

"Ni sawasawa na VAT." Si sawasawa. Hapa hudai marejesho ya kodi ya manunuzi. Bidhaa za kuuza tena unazinunua bila kodi kwa kibali chako, basi.

"Chakula hakitozwi tena." Tangu 29 Agosti 2024 jimbo limeondoa asilimia 4.5 yake kwenye vyakula vya dukani. Sehemu ya jiji, asilimia 4.125, imebaki, na senti ya vituo imo humo. Anayemaliza nusu ya mshahara sokoni anaubeba mzigo huu kuliko tajiri, na wanaoipigia debe kodi hii hawapendi kulitaja.

"Kura ya ndiyo haikupandisha kodi." Kweli, ila nusu. Mwaka 2019 kiwango hakikupanda kwa sababu senti ya MAPS 4 ilipokea kijiti kutoka senti ya barabara iliyokuwa inaisha. Kura ya hapana ingekishusha. Ndiyo maana neno "ya muda" nalisoma kwa jicho la shaka: kila senti ina tarehe yake ya kuisha, lakini tangu Januari 2002 hakuna mwezi hata mmoja tuliokaa bila mojawapo. Na Desemba 2023 wapiga kura wameshapitisha inayofuata, ya miezi 72, kwa ajili ya ukumbi mpya wa mpira wa kikapu. Itaanza MAPS 4 ikiisha, 2028.