"Sikuandika mimi, nilituma tu": wanafunzi wa Goma na intaneti

Ukifundisha Goma, mashariki mwa Kongo, iwe mtaa wa Himbi, Katindo au Majengo, hoja hizi kuhusu simu na intaneti utazisikia kila mara. Na si kwa wanafunzi peke yao. Wazazi wanazo, na katika chumba cha walimu zimo.

"Sikuandika mimi, nilituma tu."

Hii ndiyo kubwa kuliko zote, na sheria ya Kongo haiikubali. Kifungu cha 360 cha kanuni ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 kinamweka aliyeanzisha habari ya uongo dhidi ya mtu pamoja na aliyeisambaza: kifungo cha mwezi 1 hadi 6, faini ya faranga 500.000 hadi 1.000.000, au kimojawapo. Waandishi wa habari wamelalamika kwamba kifungu hicho kinaweza kutumiwa kuwafunga midomo, na mimi naona wana hoja. Lakini anayesambaza kwenye kundi la darasa kwamba binti fulani ana mimba asijifiche nyuma ya waandishi wa habari.

Hapa kwetu uvumi unaweza kuhamisha watu. Volkano ya Nyiragongo ililipuka Jumamosi jioni, 22 Mei 2021. Siku 5 baadaye mamlaka zikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame, watu wakaelekea Sake, Rutshuru, Bukavu, wengine wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Katika siku kama zile, sauti moja ya WhatsApp ya mtu asiyejitaja jina inatosha kuitoa familia nyumbani usiku wa manane, na mizigo kichwani.

Kwa hiyo mazoezi yangu huanzia hapo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikamwagikia Ziwa Kivu. Mwaka 2021 ilisimama kabla ya kufika katikati ya mji. Sasa ikija picha ya lava kati ya maduka ya mjini, imeandikwa "mwezi wa tano 2021", mtoto wa Goma anaikamata hata kama hana mega, yaani bando la intaneti: barabara anaijua, na historia ameambiwa na bibi yake. Mwenye mega aitafute picha hiyo kwa Google Lens aone ilianza kuonekana lini.

Halafu kuna ile mishale miwili ambayo WhatsApp huiweka juu ya ujumbe uliosambazwa mara nyingi. Tangu mwaka 2020 ujumbe wa namna hiyo unaweza kutumwa kwa mtu au kundi moja tu kwa wakati mmoja. Wanafunzi wengi huiona mishale hiyo kama muhuri: kama wengi wametuma, basi ni kweli. Kinachomaanishwa ni kwamba umepita mikono mingi, na aliyekutumia pengine hajui ulikotoka.

"Nimeshafuta."

Umefuta kwako. Mwenzako alishapiga picha ya kioo cha simu. Hata status inayoondoka baada ya saa 24 inahitaji sekunde moja tu kunakiliwa.

"Iko Google, ni ya wote."

Niliwahi kusahihisha kazi ya nyumbani kuhusu Ziwa Kivu, imeandikwa kwa kalamu, mwandiko safi kabisa, na katikati ya sentensi kuna [4]. Mtoto alinakili Wikipedia hadi namba za marejeo! Wikipedia yenyewe inaruhusu kunakiliwa, ila kwa sharti la kutaja ulikotoa. Nyimbo, picha na vitabu vina wenyewe, na Kongo ina sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986. Siku hizi ChatGPT, programu inayowaandikia kazi, imeniondolea ile [4], basi namwita mwanafunzi mbele anieleze aya ya pili kwa maneno yake, kwa Kiswahili. Hapo wengi hukaa kimya.

"Item za Exetat zinauzwa Telegram." Yaani maswali ya mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari.

Muuzaji anataka pesa kwanza, kwa M-Pesa au Airtel Money, kwenye namba ambayo kesho haitapokea. Na hata zingekuwa za kweli, kununua mtihani ni kudanganya. Mzazi anayetoa pesa hiyo asije kulia kwa prefe, mkuu wa shule.

"Dawa ni kumnyang'anya simu."

Kuizuia simu darasani sina ugomvi nako. Lakini amri ya prefe inaishia getini. Jioni mtoto huyo huyo anashika simu ya mama, yenye namba za ukoo mzima na pesa ya duka ndani, na hakuna aliyemwambia kwa nini kiungo cha "umeshinda mega za bure" hakibonyezwi. Pengine mama ndiye wa kuanza naye: namba yake ya siri ya M-Pesa ni mwaka aliozaliwa mtoto, na mtoto anaujua.