Hiyo 100 ya Google Trends si idadi ya watu

Imeletwa tena kwetu tunaofuatilia maneno ya mtaani na meme: grafu ya Google Trends, zana inayoonyesha neno linavyotafutwa Google, mstari umepanda hadi 100, na chini yake maelezo kwamba neno fulani la mtaani "lilianza" siku ile na "hutumiwa zaidi" katika kaunti fulani. Jamani.

100 ni kilele tu cha kipindi na eneo ulilochagua wewe mwenyewe. Badili miezi 3 iwe miaka 5, na 100 yako ya jana huenda ikashuka hadi 12. Kinachopimwa ni fungu la neno hilo katika utafutaji wote wa eneo husika, ndiyo maana kaunti yenye watu wachache inaweza kuipita Nairobi. 0 nayo haimaanishi hakuna aliyetafuta. Data ilikuwa haba. Isitoshe, ni sampuli: chota siku kadhaa tofauti, utoe wastani.

Linaloniudhi hasa ni swali ambalo hakuna anayeliuliza: anayetafuta ni nani? Kijana wa Eastlands, Nairobi, anayelitumia neno kutwa kucha hana haja ya kuliuliza Google. Wanaouliza ni mzazi wake, mwanahabari, mtu wa matangazo, na Mtanzania aliyelikuta kwenye maoni akaachwa kwenye mataa. Ukiona "maana ya" fulani imepaa, umeona wasiojua wakiongezeka. Wenye neno pengine wameshalichoka.

Chukua "Zakayo", jina la mtoza ushuru wa Luka 19 alilobandikwa Rais Ruto kwa sababu ya kodi, likaimbwa "Zakayo shuka" kwenye maandamano ya Juni 2024. Ukiliandika peke yake unazoa mahubiri, shule ya Jumapili na kila aliyebatizwa Zakayo. Basi funga nchi iwe Kenya, tazama kiwango cha kawaida cha miaka kabla ya uchaguzi wa 2022, kitoe, kisha linganisha na "Zakayo shuka" ndani ya alama za kunukuu. Tahajia nazo ziunganishe kwa alama ya +: wantam + "wan tam", yaani "one term", wito kwamba Ruto aishie muhula mmoja. Ukiongeza "one term" umekaribisha mihula ya shule.

Picha za meme, Trends haizioni kabisa. Hapo tunatumia hashi ya mwonekano, yaani muhtasari wa picha kwa tarakimu 64 za 0 na 1 (biti), na kuhesabu biti zinazotofautiana kati ya picha mbili. Zikizidi 8 au 10, nahesabu kuwa ni picha nyingine. Kiwango hicho, tusidanganyane, hupatikana kwa kukodolea macho jozi za picha, ingawa machapisho hukiandika kana kwamba kimeshuka kutoka mbinguni. Stika ndizo zinazokivunja: mandharinyuma yamekatwa, sura imebanwa kwenye pikseli 512 kwa 512, na hashi inatoka tofauti kabisa. Stika zikague kwa macho.

WhatsApp ujumbe umefungwa kwa usimbaji tangu 2016. Tunaona makundi yenye viungo vya wazi tu, yaani wauzaji na wanasiasa. Makundi ya ukoo na Status hatuyagusi. Mishale miwili inaonyesha ujumbe umepita angalau mikono mitano. Haikuambii ulikotoka wala umefika kwa wangapi.

Kwa hiyo usiandike "lilianzia". Andika "chapisho la wazi la zamani zaidi lililopatikana", weka kiungo na skrinshoti, na tarehe uliyotafuta, maana watu hufuta.