Gemu la ndugu: akaunti iwe ya nani?

Mimi naandika programu ya gemu, mdogo wangu wa kike anachora. Vijana wanaotaka kuanza kutengeneza magemu ya simu na kaka au dada zao huniuliza watumie Unity au Godot, programu za kutengenezea magemu. Yoyote itafaa. Swali zito hawaliulizi: akaunti ya dukani, pale gemu linapopakuliwa, ifunguliwe kwa jina la nani?

Google Play wanatoza dola 25 mara moja tu, Apple dola 99 kila mwaka. Basi mwenye kadi ya benki ndiye anayefungua, kwa jina lake. Kuanzia hapo, kwa duka, gemu ni lake: malipo yanaingia kwake, na akibadilisha nywila mwenzake hana pa kushtaki. Tunaambiwa ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Ya nyumbani huisha hivyo kweli. Lakini duka halisubiri mpatane, na shemeji atakayeolewa au kuoa kesho hajui mlichokubaliana jikoni kwa mama.

Nawasihi: sajilini kampuni, kwa wakala wa usajili BRELA kwa Tanzania au tovuti ya serikali eCitizen kwa Kenya, kisha fungueni akaunti ya kampuni. Mtaombwa namba ya D-U-N-S, ya kuitambulisha kampuni, na inachukua muda kuipata, ila kuna nafuu yake. Akaunti binafsi ya Google Play iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 lazima kwanza ipate watu 12 wa kulijaribu gemu siku 14 mfululizo. Kampuni haina sharti hilo.

La pili ni nani awe na neno la mwisho. Nikipunguza kasi ya mhusika anaporuka, kwangu ni kubadilisha tarakimu moja. Kwa mdogo wangu ni kuchora upya picha zote za mruko: magoti yanavyokunjwa, nguo inavyopepea, vumbi miguu ikigusa chini. Anaweza kumaliza usiku mzima kwa tarakimu yangu moja. Kwa hiyo tuliandika: chochote kinachogusa mwendo wa mhusika, yeye ndiye anayeamua, hata kama nina hakika niko sahihi. Mimi naamua ukubwa wa faili na simu gani tutaziacha nje.

Mfano ninaoupenda ni ndugu watatu wa Butterscotch Shenanigans, kule St. Louis, Marekani. Seth Coster ni wa kuandika programu, Sam ni wa michoro, na Adam, aliyejiunga baadaye, akashika seva na mfumo unaomwezesha mchezaji kuhama na gemu lake kati ya simu na kompyuta. Sam aligunduliwa ana saratani ya limfu wakati wakijenga studio yao. Waliacha gemu walilokuwa nalo wakaanza Crashlands, kwa sababu ndilo Sam alilotaka kulifanya, na likatoka Januari 2016. Nikiitazama kazi ile naona udugu, naona pia kila mtu alijua eneo lake.

Fedha sisi tunagawana nusu kwa nusu baada ya gharama. Kuhesabu saa kunamwonea mchoraji, maana kazi yake nyingi hutupwa kabla mchezaji hajaiona. Na msiache vibarua vyenu mapema: AdMob, huduma ya Google ya matangazo ndani ya magemu, hawalipi mpaka salio lifike dola 100, na hata likifika, fedha hutoka kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Kodi ya nyumba haingoji hapo.