Kibahasha cha "1×1"

Jumamosi moja mchana mama mmoja aliingia kwenye famasi ninayofanyia kazi hapa Leicester. Nilipomwamkia "shikamoo mama" akacheka. "Marahaba mwanangu! Kumbe nipo nyumbani. Nipatie kama hizi." Akafungua kibeti, akatoa kibahasha cha dawa, kile kile cha karatasi tunachokijua. Juu pameandikwa kwa kalamu ya bluu: 1×1. Ndani mna vidonge vinne vilivyokatwa kwa mkasi, na kwenye upande unaong'aa zimenusurika herufi nne tu: PINE.

Mtu atasema, si jina limeshakaribia? Wapi! Amlodipine inaishia hivyo, nifedipine vilevile, na zote mbili ni za presha. Lakini carbamazepine ni ya kifafa, na olanzapine hutolewa kwa maradhi ya akili. Mama akanisaidia: ni "ya presha, nyeupe, ya duara". Nikageuka nikaangalia rafu. Vyeupe vya duara vilikuwa vimejaa tele.

Kabla ya kuja huku nimeuza dawa Dar es Salaam, na mkasi huo nimeushika mwenyewe. Mtu ana hela ya vidonge kumi, unamkatia kumi, utafanyaje? Tatizo ni kwamba jina hubaki dukani na mgonjwa anaondoka na rangi na umbo. Rangi na umbo havivuki hata Namanga, sembuse bahari. Kiwanda kikibadilika, kidonge cheupe kinakuwa cha pinki na dawa ni ile ile.

Kwa hiyo ukisafiri, beba kasha, au angalau picha yake kwenye simu. Pale kwenye kasha kuna jina kubwa, la biashara, na chini yake jina dogo, la dawa yenyewe. Shika hilo dogo pamoja na miligramu zake. Amlodipine iliyotoka kwanza kwa kampuni ya Pfizer inajulikana nchi nyingi kama Norvasc. Uingereza iliuzwa kwa jina la Istin. Kuna kibaya zaidi: jina moja la biashara kubeba dawa mbili tofauti. Mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari juu ya jambo hili. Flomax ya Marekani ni tamsulosin, ya wanaume wenye shida ya tezi dume. Flomax ya Italia ni dawa ya uvimbe na maumivu. Majina madogo ndiyo yanayosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1953, ingawa Marekani ina ukaidi wake: paracetamol kwao ni acetaminophen, salbutamol ya pumu ni albuterol, na glibenclamide ya kisukari ni glyburide.

Turudi kwa mama. Bintiye aliyebaki Temeke alitutumia picha ya kasha kwa WhatsApp: amlodipine, miligramu 10. Jina tukalipata, lakini dawa sikumpa. Cheti cha daktari wa Tanzania au Kenya, hata kiwe na mihuri mitatu, hakiniruhusu kutoa dawa hapa. Ipo ruhusa ya kumpa mtu dawa ya dharura bila cheti, lakini lazima awe aliwahi kuandikiwa dawa hiyo na mtabibu wa Uingereza, wa nchi za EEA (Eneo la Kiuchumi la Ulaya) au wa Uswisi. Vidonge vinne vingemfikisha Jumanne, basi nikamwelekeza akajiandikishe kwa daktari wa mtaa, ambaye kila mtu hapa humwita GP. Hata mgeni wa wiki chache anaandikishwa kama mgonjwa wa muda, na mapokezi wakidai pasipoti au bili ya umeme, si sharti la kuandikishwa. Kama vidonge vingekuwa vimekwisha, ningempigia 111, namba ya simu ya huduma ya afya hapa, palepale.

Kuhusu hela: England kila dawa iliyoandikwa na daktari ni pauni 9.90 tangu Mei 2024. Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini hawatozi. Ile ada ya afya uliyolipia viza haifuti malipo haya, na watu hunikasirikia mimi kana kwamba nimeitunga. Aliyefikisha miaka 60 halipi. Anayetumia dawa za kisukari halipi dawa yoyote, mradi ajaze fomu FP92A kwa daktari wake. Nimeshakutana na ndugu zetu waliolipa miaka bila kuijua fomu hiyo. Wa presha peke yake hana msamaha, ila kuna kadi ya mwaka ya pauni 114.50. Ukichukua dawa mbili kila mwezi, piga hesabu mwenyewe.

Amoxicillin ya kununua tu kaunta usahau. Tangu Januari 31, 2024, wafamasia wa England wanaweza kutibu maradhi saba, mkojo wenye maambukizi kwa wanawake ukiwemo, na kutoa antibiotiki pale inapostahili. Na ukitoka Tanga ukapata homa, usimeze dawa mseto ya malaria uliyoificha begini ukalala. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, uwaambie ulikotoka.

Wanaoelekea Emirati nina neno moja kwao: tramadol na dawa zenye codeine huko zinadhibitiwa vikali. Omba kibali chao mtandaoni kabla ya kupanda ndege, maana ukiwa uwanjani umeshachelewa.

Jumatano mama alirudi, cheti chake kimeshaingia kwenye kompyuta yetu. Nikampa kasha zima, halijaguswa na mkasi. Akavaa miwani, akahesabu.

"Ishirini na nane? Mwezi una siku thelathini, mwanangu. Hizo mbili nimeze nini?"

Nikamwambia mwezi wa famasi hapa ni wiki nne, kwa hiyo aagize nyingine zikibaki za siku saba. Akaomba kalamu, akaandika "siku saba" juu ya kile kibahasha, pembeni ya 1×1, akatia kasha kwenye mkoba.