Kinyama cha mlango wa kizazi: nani kasema kikatwe leo?

Wiki hii tena nimempokea mama wa wiki 14, macho yamevimba kwa kulia. Aliyempima kabla yangu alimwambia: "Una kinyama, kikatwe haraka kabla hakijamfikia mtoto." Nimechoka kulisikia neno hilo. Kinyama hicho, yaani polipu, hakimfikii mtoto. Inaning'inia kwenye shingo ya kizazi, na mtoto yuko juu ndani ya chupa yake. Wala haimzibii njia siku ya kujifungua. Ni laini kama ndewe la sikio.

Ndiyo, hutoa damu, hasa baada ya tendo la ndoa au kupimwa kwa spekulamu (kifaa cha kupanulia uke), kwa kuwa ujauzito huijaza shingo ya kizazi damu. Lakini damu ya mjamzito isisingiziwe polipu kabla ultrasaundi haijaonyesha kondo la nyuma limekaa wapi. Saratani humo ni nadra sana. Hata hivyo naikagua sura yake, na ikikatwa inaenda maabara.

Kinachoniudhi ni kuzichukulia polipu zote kuwa kitu kimoja. Ipo ya kawaida, iliyoota kwenye utando wa njia ya shingo. Ipo pia ya desidua: huo ni ukuta wa ndani wa kizazi, ulionenepeshwa na homoni za mimba hadi kipande kikateremka nje. Shina lake linaweza kuwa juu, karibu na chupa. Ukiisokota na kuivuta, unavuta nini? Polipu hizi huandamana zaidi na mimba kuharibika na uchungu wa mapema, hasa zikikatwa. Je, ni mkato ulioleta madhara, au damu iliyotulazimisha kukata ilikuwa tayari dalili mbaya? Sijawahi kuridhika na jibu lolote.

Na kwa macho zinafanana. Nimekodoa mara nyingi nisijue ni ipi. Hadubini hujibu baada ya kukata, yaani kwa kuchelewa. Kwa hiyo natafuta shina. Nisipoliona, na damu si nyingi, na sura haitii shaka, siikati.

Mama yule kondo lake liko juu, shina sikuliona. Tumeiacha. Damu ikilowesha pedi, au akipata homa, maumivu au uchafu wenye harufu, arudi siku hiyohiyo, hata usiku. Vinginevyo tutaiangalia tena wiki sita baada ya kujifungua, kama bado itakuwepo.