Taa ya oili haipimi wingi wa oili

Mwezi uliopita gari dogo lililetwa gereji kwangu likivutwa kwa kamba. Mwenyewe alinieleza kwamba taa nyekundu yenye alama ya birika ilimwakia kabla ya Chalinze, akaona ajikaze afike mjini ndipo aongeze oili. Hakufika. Injini ilianza kugonga, kisha ikakamata, ikagoma kuzunguka. Iliniuma sana, kwa sababu angezima pale pale huenda tungemaliza kazi kwa pesa kidogo.

Taa ile inahusu presha. Pampu husukuma oili hadi kwenye metali za krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, na kichwani mwa injini, na kwenye bloku, yaani mwili wa injini, kuna swichi ndogo inayowasha taa presha ikishuka mno. Kwa hiyo ikiwaka huku gari linatembea, vyuma vinakaribia kusagana vikavu, na dakika chache tu zinatosha kuua injini. Weka gari pembeni, zima, subiri kidogo, kisha chomoa stiki upime. Oili ikiwa imepungua, jaza kwanza ndipo uwashe. Ikiwa ipo ya kutosha, usiwashe kabisa, ita fundi: huenda pampu imechoka, njia ya oili imeziba, au swichi yenyewe imekufa.

Kwenye joto ndiko ninakobishana na mafundi wenzangu. Vitz na IST nyingi hazina mshale wa joto, zina taa mbili tu, ya bluu na nyekundu. Ya bluu asubuhi si ugonjwa, injini bado ni baridi, endesha taratibu itazima. Isipozima hata baada ya safari ndefu, mara nyingi ni kwa sababu kuna mtu alitoa thamostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, akisema nchi yetu ina joto. Si kweli kwamba haihitajiki! Bila hiyo injini hukawia kupata moto wake, hula mafuta zaidi na kulika upesi.

Wenye mshale nao wasilale. Katika magari mengi hutulia katikati hata joto likipanda kiasi, kwa hiyo ukiuona unapanda, tuseme kwenye mlima Kitonga, usisubiri ufike juu. Tena maji yakivuja yakaisha, kile kidude kinachopima joto hubaki kwenye hewa, na mshale unaweza hata kushuka huku injini inaungua. Mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka ipoe.

Taa ya njano ya chek injini, ile yenye picha ya injini, ikiwaka bila kupepesa, nenda ukapime kwa kompyuta siku hizo hizo. Ikiwa inapepesa, punguza mwendo usimame, maana silinda mojawapo haichomi na petroli mbichi inaharibu katalitiki, kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi.

Lakini taa inayonitia hofu zaidi ni ile isiyowaka. Ukienda kununua gari la mkononi, fungua swichi bila kupiga stata. Taa za oili, betri, chek injini, ABS (breki zinazozuia magurudumu kujifunga) na ya mifuko ya hewa zote ziwake. ABS na mifuko ya hewa huzima baada ya sekunde chache, nyingine injini ikishawaka. Moja isipojitokeza, muulize muuzaji kwa nini. Nimeshafungua dashibodi nikakuta tepu nyeusi ya umeme imebandikwa juu ya taa ya chek injini, na mnunuzi alikuwa ameshalipa.